SOMO LA UFUNDI: Kupima tepa ya kitovu cha puli kabla ya kutuma kazi mjini



Katika toleo hili tunaleta somo lililoombwa na vikundi vinavyoendesha mashine za kusaga muhogo na mahindi, zile ambazo wenyeji wetu wa Nchelenge huziita chigayo. Somo linahusu kitovu cha puli chenye tepa: namna ya kukipima, kukokotoa pembe yake, na kuandika vipimo kwenye karatasi ili fundi aliye mbali akate chuma sawasawa mara ya kwanza.

Tunasisitiza mara ya kwanza kwa sababu kila mtu anaijua safari yenyewe. Kazi hii inataka kerezo, yaani mashine ya kukereza chuma, na mafundi waliozoea kazi ngumu za namna hii wako Mansa, au mbali zaidi huko Kitwe na Ndola, kwenye miji ya migodi. Mkimbizi hatoki makazini bila kibali. Na hata akipata kibali, barabara fupi ya kutoka Mansa kwenda Mufulira, ukishavuka daraja la Chembe lililofunguliwa mwaka 2008, inapita ndani ya ardhi ya Kongo kabla ya kurudi Zambia. Kwa mwananchi wa Zambia hiyo ni njia ya kawaida. Kwa mtu aliyeikimbia Kongo mwaka 2017 ni jambo jingine kabisa. Njia nyingine ni kuzunguka kwa Samfya na Serenje, na nauli yake inapanda. Kwa hiyo puli husafiri na mfanyabiashara, mwenye puli hubaki Mantapala, na kinachosema kwa niaba yake mbele ya fundi ni karatasi.

Kikundi kimoja kilituma puli bila karatasi. Mfanyabiashara aliambiwa kwa mdomo tu: "Mwambie ni pembe ya nane." Kitovu kipya kiliporudi, bushi iliingia nusu ikagoma. Pesa ilikwisha kulipwa, na akina mama wakaendelea kubeba muhogo wao mkavu hadi kwenye mashine ya kijiji cha jirani. Fundi alifanya alichoambiwa. Hapo mbele tutaona kosa lilikuwa wapi.

TEPA NI NINI

Tepa ni chuma cha mviringo kinachopungua unene kidogo kidogo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama kizibo cha chupa ya kienyeji kilichochongwa kwa kisu. Puli nyingi za mashine za kusaga zina vipande viwili. Kipande cha ndani ni bushi: nje ina tepa, ndani ina tundu lililonyooka la kuingiza shafti, na ubavuni ina mpasuo mmoja. Kipande cha nje ni kitovu cha puli, ambacho tundu lake lina tepa ile ile ya bushi. Bolti zikikazwa, bushi inavutwa ndani ya kitovu, mpasuo unajibana, na bushi inaishika shafti kwa nguvu pande zote. Hakuna kulehemu wala kugongomea misumari.

Uzuri wake ni kwamba nguvu ndogo ya bolti inageuka kuwa nguvu kubwa ya kubana. Ubaya wake ni kwamba yote hayo yanategemea vyuma viwili kugusana kwa urefu wote. Vikigusana upande mmoja tu, puli inacheza, inakula shafti, na mwisho kitovu cha chuma cha kalibu kinapasuka. Puli yenye kipenyo cha mm 150 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda mita 23 na zaidi kwa sekunde, sawa na gari lililo kwenye kilometa 85 kwa saa. Kipande kinachoruka kwa mwendo huo hakichagui kati ya mwendesha mashine na mtoto aliyesimama na beseni.

KUPIMA

Unahitaji kalipa inayosoma angalau sehemu ya kumi ya milimita. Rula na uzi havitoshi kwa kazi hii.

Kama kitovu ndicho kilichopasuka, mara nyingi bushi bado ni nzima. Pima bushi, kwa sababu nje ni rahisi kupima kuliko ndani. Isafishe kwa mafuta ya taa, ikaushe. Hakikisha mpasuo haujabanwa wala kutanuliwa. Kisha chora mistari miwili kuizunguka kwa ncha ya msumari, mistari iwe na umbali unaoujua. Tusichukue vipimo kwenye kingo zenyewe, kwa sababu kingo hupunguzwa makali kiwandani na kalipa itadanganya.

Tuseme urefu wa bushi ni mm 25. Mstari wa kwanza tumeuchora mm 2 kutoka uso mpana, na wa pili mm 20 mbele yake. Tumepima kipenyo kwenye kila mstari mara tatu, tukiizungusha bushi kidogo kila mara na kuukwepa mpasuo, tukapata:

kwenye mstari wa kwanza, mm 56.6
kwenye mstari wa pili, mm 53.8

Tofauti ni mm 2.8. Igawanye kwa umbali wa mistari:

2.8 ÷ 20 = 0.14

Namba hii 0.14 ndiyo tepa. Maana yake, kila ukisogea milimita moja ya urefu, kipenyo kinapungua kwa mm 0.14. Mafundi wengine huiandika kama uwiano: 1 ÷ 0.14 = 7.14, yaani tepa ya 1:7.14.

Sasa tunaweza kujua vipenyo vya kingo bila kuvigusa. Uso mpana uko mm 2 nyuma ya mstari wa kwanza, basi 56.6 + (2 × 0.14) = 56.88, tuseme 56.9. Uso mwembamba uko mm 25 kutoka hapo: 56.88 − (25 × 0.14) = 53.38, tuseme 53.4.

Umbali wa mistari uwe mrefu kadiri inavyowezekana. Ukikosea mm 0.1 kwa kalipa na mistari ina umbali wa mm 20, nusu pembe inakosewa kwa karibu sehemu moja ya saba ya digrii. Kosa hilo hilo kwenye mistari yenye umbali wa mm 10 linazaa upotofu mara mbili. Hii ndiyo sababu ya kupima mara tatu, hata kama watu wamesimama mlangoni wanakuambia ufanye haraka.

KUTOKA TEPA KWENDA PEMBE

Fundi wa kerezo hageuzi mashine yake kwa 0.14. Anageuza kile kipande cha juu kinachoshika kisu, ambacho chini yake kina alama za digrii. Kwa hiyo anataka pembe.

Fikiria bushi imepasuliwa katikati kwa urefu. Utaona mstari wa kati ulionyooka, na pande zake mbili mistari miwili ya mteremko, mmoja juu na mmoja chini. Kisu hukata upande mmoja tu wa mstari wa kati. Kwa hiyo pembe ya kisu inatokana na nusu ya tepa:

0.14 ÷ 2 = 0.07

Hii ndiyo tanjenti ya nusu pembe. Waliosoma sekondari Kongo wanalikumbuka neno kwa Kifaransa; hesabu ni ile ile. Ukiwa na jedwali, tafuta 0.07. Tanjenti ya digrii 1 ni 0.0175, ya digrii 2 ni 0.0349, ya digrii 3 ni 0.0524, ya digrii 4 ni 0.0699, na ya digrii 5 ni 0.0875. Namba yetu iko kwenye digrii 4.

Asiye na jedwali azidishe kwa 57.3:

0.07 × 57.3 = 4.01

Njia hii inafaa kwa pembe ndogo. Hadi digrii 6 kosa lake ni dogo kuliko alama unayoweza kuiona kwenye kerezo.

Nusu pembe ni digrii 4, na pembe nzima, kutoka mteremko wa juu hadi wa chini, ni digrii 8. Ndiyo pembe ya bushi za kawaida za aina hii zinazouzwa madukani. Bushi hizo huwa zimepigwa namba usoni, kwa mfano 1610. Tarakimu 16 zinaonyesha tundu kubwa linaloweza kupatikana, karibu inchi 1.6, na 10 zinaonyesha urefu wa inchi 1.0, yaani mm 25.4. Ukiona namba hiyo iandike kwenye karatasi, lakini pima pia. Bushi ya kuiga yaweza kuwa na namba nzuri na tepa mbaya.

KOSA LA PEMBE NZIMA

Turudi kwa kikundi chetu. "Pembe ya nane" ni kweli kwa pembe nzima. Lakini fundi akisikia nane na kugeuza kisu digrii 8, anakata tundu lenye pembe nzima ya digrii 16. Tanjenti ya digrii 8 ni 0.1405, hivyo tundu linapungua mm 0.281 kwa kila milimita ya kwenda ndani. Mdomo una mm 56.9 kama ilivyotakiwa. Bushi yetu inaingia na pua yake ya mm 53.4, na inakutana na chuma pale tundu linapofikia 53.4:

(56.9 − 53.4) ÷ 0.281 = 12.5

Imeingia mm 12 na nusu kati ya 25. Nusu kamili, kama ilivyotokea.

Kitovu cha namna hiyo bado chaweza kuokolewa ikiwa chuma kilichobaki kinatosha, maana hapo chuma kimebaki kingi ndani kuliko inavyotakiwa na chaweza kukatwa tena kwa digrii 4. Kosa la upande wa pili, yaani tundu kuwa pana mno, halina dawa. Wako wanaokata bati la kopo la maziwa na kulizungushia bushi. Tunawaomba wasifanye hivyo kwenye mashine inayozungushwa na injini. Bati linajikunja, bushi inashika sehemu mbili tatu tu, na mzigo wote unakwenda hapo.

KIPENYO NA KINA

Kwenye tundu lililonyooka, kosa la mm 0.1 ni la mm 0.1. Kwenye tepa linakuzwa. Tepa yetu ni 1:7.14, kwa hiyo tundu likizidi kipenyo kwa mm 0.1 tu, bushi inazama zaidi kwa mm 0.7.

Fundi mwenye busara hutumia jambo hili kujisaidia. Anaanza na tundu dogo kidogo, anaingiza bushi kwa mkono, anapima kiasi kinachobaki nje. Tuseme bushi imetokeza mm 3 na sisi tunataka itokeze mm 1, ili ipate nafasi ya kuvutwa ndani bolti zikikazwa. Zimebaki mm 2 za kuingia:

2 × 0.14 = 0.28

Kipenyo kiongezwe mm 0.28, yaani kisu kisogezwe mm 0.14, kwa kuwa kinakata upande mmoja. Kwa sababu hii tunashauri bushi yenyewe isafiri pamoja na puli. Ifungwe kwa kitambaa kikavu ndani ya kopo. Bila bushi, fundi anakata kwa kuamini namba peke yake.

KARATASI YENYEWE

Chora mchoro mkubwa wa kitovu kilichopasuliwa katikati. Si lazima uwe mzuri. Uonyeshe mdomo mpana uko upande gani wa puli, maana fundi akikata kutoka upande usio wake mikanda haitalingana na injini. Kisha andika: kipenyo cha mdomo mpana 56.9, urefu wa tundu 25, tepa 1:7.14, nusu pembe digrii 4, pembe nzima digrii 8. Andika zote mbili, kila moja na jina lake. Ongeza na namba ya kujipima: kila mm 20 za urefu, kisu kihame mm 1.4 kuelekea katikati (20 × 0.07). Fundi mwenye saa ya kupimia ataihakiki kwa dakika chache kabla ya kukata, kwa sababu alama za digrii za kerezo kuukuu haziaminiki sana.

Sasa mambo matatu yanayotuhusu sisi tuliosoma Kongo. Kwanza, sisi tumezoea kuandika 56,9 kwa mkato. Zambia huandika 56.9 kwa nukta, na mkato huutumia kutenga maelfu. Andika kwa nukta. Pili, namba moja yetu yenye mkono mrefu kichwani inafanana sana na saba yao. Moja iwe mstari mmoja uliosimama. Tatu, andika mm kila mahali, kwani makerezo mengi ya zamani yalitengenezwa kwa inchi. Maneno machache ya Kiingereza mwombe mwalimu au mwanafunzi wa sekondari akuandikie. Namba hazihitaji mkalimani.

KAZI IKIRUDI

Usifunge puli siku hiyo hiyo kwa furaha. Changanya masizi ya sufuria na tone la mafuta, paka safu nyembamba sana kwenye bushi, iingize kwenye kitovu, izungushe robo mzunguko, kisha itoe. Tazama ndani ya kitovu. Masizi yakiwa yameshika angalau robo tatu ya eneo, na yamesambaa kutoka mdomoni hadi mwisho, kazi ni nzuri. Yakishika upande mpana peke yake, pembe ya kitovu ni ndogo mno. Yakishika upande mwembamba peke yake, pembe ni kubwa mno. Msasa wa mkono hautarekebisha hilo. Utaongeza uvimbe katikati na kuharibu hata pale palipokuwa pazuri.

Baada ya jaribio, futa masizi na mafuta yote kwenye vyuma vyote viwili. Tepa inashika kwa msuguano, na mafuta yanaupunguza. Grisi tunayoipenda kwenye beringi haina kazi hapa.

Kaza bolti kwa zamu, kidogo huku kidogo kule. Gonga bushi taratibu kupitia kipande cha mti, si nyundo juu ya chuma, kisha kaza tena. Kwa bushi ya 1610 nguvu inayotakiwa ni nyutoni-mita 20. Asiye na spana ya kupima nguvu atumie mkono wa spana wenye urefu wa sm 20, aulaze sawa na ardhi, na aning'inize ndoo yenye lita 10 za maji kwenye ncha yake. Uzito huo ni karibu sawa kabisa. Kwa bushi ya 2012 iwe lita 15. Vijana wenye nguvu wanaochomeka bomba refu kwenye spana ndio wanaopasua vitovu. Mashine ikifanya kazi kati ya nusu saa na saa moja, izime, kaza tena kwa kipimo kile kile, ndipo urudishe kizuizi cha mkanda.

KWA WENYE BOTI

Wanaofanya kazi na boti zenye injini ya ndani kwenye Ziwa Mweru watatumia hesabu hizi hizi kwa propela. Tahadhari yao ni moja. Shafti za propela zilizofuata vipimo vya kimataifa zina tepa ya 1:10, na zile za Kimarekani nyingi zina 1:16. Nusu pembe ya kwanza ni digrii 2.86, ya pili ni 1.79. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lakini kwa urefu wa mm 60, ya kwanza inapungua mm 6 na ya pili mm 3.75. Propela ya kununua mkononi Kashikishi ikiingia kwenye shafti na kukaa vizuri mdomoni, bado ijaribu kwa masizi kabla hujaelekea kisiwa cha Kilwa.

ZOEZI

1. Ncha ya shafti ina kipenyo cha mm 40.0 kwenye mstari wa kwanza na mm 36.0 kwenye mstari wa pili, umbali mm 48. Tafuta tepa, uwiano wake na nusu pembe.

2. Kwa tepa hiyo hiyo, kitovu kinatakiwa kizame mm 3 zaidi. Kipenyo cha tundu kiongezwe kiasi gani, na kisu kisogezwe kiasi gani?

3. Mtu amechora mistari yenye umbali wa mm 5 tu, akakosea tofauti ya vipenyo kwa mm 0.1. Nusu pembe yake imekosewa kwa digrii ngapi?

Majibu: (1) 0.0833, yaani 1:12, nusu pembe digrii 2.39. (2) Kipenyo mm 0.25, kisu mm 0.125. (3) Digrii 0.57, yaani zaidi ya nusu digrii.

Namna ya kuchimba matundu ya bolti, ambayo nusu yako kwenye bushi na nusu kwenye kitovu, itaelezwa katika toleo lijalo.